Serikali ya Mseto na Neno la Mpiga Kura

Wako wasemao ya kuwa serikali ya mseto iundwayo baada ya uchaguzi si ya kidemokrasia, maana hakuna aliyeipigia kura. Sisi hatukubali. Katika utaratibu wa Bunge mwananchi huchagua mbunge, na serikali huzaliwa na wingi wa wabunge. Mwaka 2010 huko Uingereza, chama cha Conservative kilipata viti 306 kati ya 650, kikaungana na Liberal Democrats wenye viti 57. Hapo haki ya nani ilivunjwa? Ya hakuna.

Kosa liliingia kwa mlango mwingine. Wabunge wa Liberal Democrats walikuwa wametia sahihi ahadi ya kupinga nyongeza yoyote ya ada za vyuo vikuu; Desemba ile ile, wengi wa waliopiga kura kati yao waliunga mkono kikomo kipya cha pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 walirudi Bungeni wanane tu.

Kupatana si kosa. Lakini ahadi ni deni, na mwenye kudai ni mpiga kura. Basi kila chama na kitangaze kabla ya uchaguzi lipi kitakubali kuliacha, na lipi hakitaliacha kamwe.