Kukiri Kosa na Kuungama Dhambi



Hivi karibuni wazee wa kanisa walituita sisi tunaofanya kazi ya uwakili wa utetezi katika ushirika huu, wakatuuliza swali. Mshirika akisimama mahakamani akasema ana hatia, je, si amekwisha kukiri kwa kinywa chake? Na kama amekiri, kwa nini asitengwe kwanza na meza ya Bwana? Hatumtaji mtu, maana swali si la mtu mmoja. Hapa Marekani familia zetu nyingi zimelikuta, na nyingine zitalikuta. Kwa hiyo tuliomba kuwajibu ninyi nyote kwa maandishi.

Lugha yetu ina maneno mawili: kukiri kosa na kuungama dhambi. Nyumbani tulikotoka mara nyingi yalitembea pamoja. Mtoto aliyevunja chungu akisema ukweli, fimbo ilipungua. Kwenye kikao cha ukoo mkosaji alisema "nimekosa", faini ikazungumzwa, na jioni watu wakala pamoja. Anayesikiliza alikuwa na uwezo wa kusamehe. Jaji wa kesi ya jinai anaweza kupunguza adhabu, lakini kazi yake si kusamehe. Neno "hatia" likishatamkwa mbele yake linaandikwa, na maandishi hayo yatamfuata mtu anapoomba kazi, anapotafuta nyumba ya kupanga, na anapopeleka karatasi zake za uhamiaji.

Wengi wetu tunaijua mahakama ya Marekani kutoka kwenye filamu: wananchi 12 wa juri wamekaa, mawakili wanabishana, ukweli unatokea. Kesi za namna hiyo ni chache. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe ilieleza kwamba katika kila watu 100 wanaotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho, takriban 97 wamekiri; katika mahakama za majimbo ni takriban 94. Mfumo unaendeshwa na makubaliano. Mwendesha mashtaka anasema: kiri kosa hili dogo, nami nitaliondoa lile kubwa.

Mfikirieni baba wa watoto watatu aliyekamatwa Ijumaa usiku. Dhamana imewekwa dola 5,000. Katika majimbo mengi kampuni ya dhamana itamtoa kwa asilimia 10, na fedha hizo hazirudi. Hana dola 500. Anafanya kazi zamu ya usiku, na asipoonekana wiki moja nafasi yake inapewa mwingine. Baada ya siku kumi na mbili analetewa karatasi: kiri kosa dogo, utoke leo. Akikataa, atasubiri miezi akiwa ndani, na akishindwa adhabu itakuwa kubwa zaidi. Mtu asiye na kosa lolote anaweza kutia sahihi karatasi hiyo. Sheria yenyewe inalijua jambo hili. Mwaka 1970, katika kesi ya Henry Alford wa North Carolina, Mahakama Kuu iliruhusu mshtakiwa akubali kutiwa hatiani huku akisema hakutenda, ingawa ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito. Kwa hiyo hata mahakama inatambua kwamba kukubali hatia na kutenda kosa ni mambo mawili.

Mtauliza: je, asiyetenda akisema nimetenda, si amesema uongo? Hatutaki kulipaka jambo hili rangi. Tumewahi kusimama kando ya mtu aliyejibu "ndiyo" kwa kila swali la jaji, nasi hatukuwa na hakika kama ndiyo ile ilikuwa kweli. Tulimweleza yote tunayoyajua, uamuzi ukawa wake. Usiku ule hatukulala vizuri. Hatuwezi kuiita ndiyo ile ukweli, lakini hatuwezi pia kumwekea yeye peke yake mzigo wote, wakati ukweli ulikuwa umewekewa bei ambayo maskini haimudu.

Wapo pia wanaokiri kwa sababu wametenda kweli, na hao nao tunawatetea. Mama mmoja alituuliza baada ya ibada, "Wanangu, mnamteteaje mwizi?" Tunamjibu kwa Nikodemo, ambaye katika Yohana 7 aliwauliza wenzake kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Tunamjibu pia kwa Clarence Earl Gideon wa Florida, aliyeshtakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili kwa kuwa hakuwa na fedha, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliiandikia Mahakama Kuu kwa penseli. Mwaka 1963 mahakama hiyo iliamua kwamba maskini aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Kesi ya Gideon ikarudiwa, safari hii akiwa na wakili, na juri ikamwona hana hatia. Mtu ni yule yule na shtaka ni lile lile.

Kwetu wageni kuna mitego miwili zaidi. Wa kwanza ni lugha. Ukimwona aliyeumia unamwambia "pole", hata kama hukuhusika. Ikitafsiriwa kwa Kiingereza, pole na nisamehe huangukia neno moja, na askari anaweza kuandika kwamba umekubali kosa. Wazazi, tumeona baba akimpeleka kijana wake kituoni kwa nia njema, akimwambia, "Sema yote, yaishe." Hayakuisha, ndiyo kwanza yalianza. Kunyamaza kwa heshima na kuomba wakili, na mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza hakitoshi, si uongo. Bwana wetu mwenyewe hakumjibu Herode neno.

Mtego wa pili ni uhamiaji. Jose Padilla alikuwa ameishi nchini humu kihalali zaidi ya miaka 40 na alitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi, akakiri kosa la dawa za kulevya, kisha akakabiliwa na kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilisema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo kabla hajakiri. Basi kama hujawa raia, usitie sahihi kabla ya kuuliza: "Karatasi hii itanifanya nini uhamiaji?"

Sasa jibu letu kwa wazee. Msiichukue karatasi ya mahakama kuwa ndiyo ungamo. Kesi ikiwa bado inaendelea, msimhoji mshirika juu ya tukio, maana nanyi mnaweza kuitwa kutoa ushahidi wa aliyowaambia. Mpelekeeni chakula, muombe naye, basi. Kesi ikiisha, mchungaji akae naye, amsikilize kwa lugha yake. Kama alimdhulumu mtu, faini aliyolipa serikalini haijamrudishia jirani kitu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Na kama hakutenda, aliyotamka siku ile yatamuuma, naye atahitaji meza ya Bwana kuliko wakati wowote. Tena msimsahau yule aliyeachiwa huru. Tumewahi kushinda kesi ambazo mteja wetu bado alikuwa na la kuungama mbele za Mungu.

Lipo pia ombi letu kwenu nyote. Mfuko wa kanisa ungekuwa na zile dola 500, yule baba asingekuwa na karatasi ya kutia sahihi kwa hofu. Na siku mtu anaposomewa mashtaka, jaji hutazama viti vilivyo nyuma yake. Mara nyingi viti vya watu wetu ni vitupu, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya aibu. Watu wanne wa kanisa wakikaa pale kimya, jaji anaona kwamba mtu huyu ana nyumbani. Wanaoweza kupata asubuhi moja kwa mwezi, watuone baada ya ibada, karibu na meza ya chai.

Neema ya Bwana iwe nanyi.