Alfajiri na Kipimo cha Giza

Katika fikihi ya Kiislamu, kuchomoza kwa alfajiri ndiko kunakofunga mlango wa daku na kufungua wakati wa sala, na kwa hiyo kujua ni lini hasa nuru inaachana na giza ni suala la ibada kabla ya kuwa suala la falaki. Wanazuoni hutenga alfajiri ya uongo, ambayo ni nuru inayosimama wima upande wa mashariki kisha ikafifia, na alfajiri ya kweli, ambayo hutanda kwa upana juu ya upeo na kuzidi kung'aa. Wanafalaki huieleza ile ya kwanza kuwa ni mwanga wa jua unaotawanywa na vumbi lililo baina ya sayari.

Siku hizi mpaka huo hutafutwa pia kwa kipimo cha giza la anga, yaani kifaa kidogo cha kushika kiganjani, ambacho namba yake hukaribia 22 penye giza totoro na hushuka hadi 18 au chini zaidi katika jiji lenye taa nyingi. Namba hizo, zikiandikwa tangu usiku wa manane, hutulia karibu palepale hadi zinapoanza kuteremka, na hapo ndipo alfajiri huhesabiwa. Vipimo vya aina hiyo vilikuwa miongoni mwa hoja zilizoifanya jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia, mwaka 2020, iache kuhesabu alfajiri jua likiwa nyuzi 20 chini ya upeo na ishike nyuzi 18, tofauti ya takribani dakika 8.

Hata hivyo, kifaa ni shahidi tu, na shahidi huulizwa alisimama wapi. Mbalamwezi humharibia ushahidi. Mawingu juu ya jiji hurudisha mwanga wa taa chini na kuling'arisha anga, ilhali mawingu hayohayo juu ya kijiji kisicho na umeme huzidisha giza. Mjini namba huchelewa kuteremka kwa kuwa nuru changa imemezwa na taa, na anayehitimisha kuwa alfajiri yenyewe imechelewa amechanganya kutokea kwa jambo na kujulikana kwake. Ni kweli kwamba Kurani imeufungamanisha mpaka huo na kubainika, lakini kubainika huko ni kwa jicho lisilozuiwa, kwani aliyejifungia chumbani hana alfajiri yake peke yake. Kwa hiyo, kipimo kilichochukuliwa penye giza safi na anga tupu ndicho kinachostahili kufuatwa, hata na watu wa mjini.