Ulimi wa Kuazima

Miaka kadhaa iliyopita nilimwalika mjomba wangu, mgema wa Kilifi, kwenye hoteli moja ya hadhi hapa Nairobi. Nilikuwa nimepata kazi, nikataka aone. Niliagiza mvinyo mwekundu wa Ufaransa, glasi mbili, kwa bei nisiyoweza kuitaja hapa. Nikazungusha glasi, nikanusa, nikasifu. Mjomba akaonja, akaweka chini.

"Mwanangu, huu umelala. Unaelekea kuwa siki."

Nilimnyamazisha. "Mjomba, ndivyo ulivyo. Ladha yake mtu hujifunza." Mhudumu alitusikia, akanusa chupa, akaomba radhi: ilikuwa imefunguliwa siku nne zilizopita. Mjomba hakusema kitu, na hapo ndipo aibu ilinishika sawasawa.

Nilikuwa nasifu nini? Ukali ule niliuhisi mwenyewe. Ulimi wangu uliniambia ukweli, mimi nikaiamini bei.

Si mimi tu. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa akiuza mvinyo Paris, aliwapa majaji tisa Wafaransa mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha lebo. Kwa mweupe na kwa mwekundu, California ikaongoza. Mwaka 2001, mtafiti Frédéric Brochet wa Bordeaux alieleza jinsi wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walivyopewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu. Wakausimulia kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Wengi wakisikia hivyo husema: basi utaalamu wote ni uongo. Hapana. Mjomba ndiye ushahidi wangu. Mnazi asubuhi ni mtamu, jioni umeshakolea, kesho unaelekea siki. Aliyepanda minazi asubuhi na jioni miaka nenda miaka rudi ana ulimi uliosoma. Ujuzi upo, tena hupatikana kwa kurudia na kuwa makini, na hayo hayauzwi dukani. Ujuzi huuliza: ndani ya glasi mna nini? Majivuno huuliza: nani ananitazama?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku zote tunamlaumu mgema. Lakini msifu je? Anayesifu bila kuonja ndiye anayelipia yale maji.

Kwa hivyo, kama unakunywa, jaribu hivi. Nunua chupa mbili za bei tofauti, moja hata iwe ya Dodoma. Zifunge kwa gazeti, waite marafiki. Kila mtu aseme anachohisi kabla ya kujua bei. Huenda ile ghali ikashinda; kuna bei zinazobeba kazi halisi ya shamba na pipa. Huenda isishinde. Vyovyote iwavyo, utakuwa umesema neno lako mwenyewe.

Maana kosa langu siku ile halikuwa kutojua mvinyo. Nilimdharau mtu aliyejua, kwa sababu ya viatu vyake, halafu nikauita ule unafiki wangu ustaarabu.

Nilipoenda Kilifi kumwomba msamaha, mjomba aliniwekea vibuyu viwili. "Haya, upi ni wa leo asubuhi?"

Nikaonja. Nikachagua. Nikakosea.

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanimiminia tena. "Polepole, mwanangu. Onja kwanza."