Samaki wa Jioni

Mtu akinunua fungu la vibua saa kumi na moja jioni kwa nusu ya bei ya asubuhi, je, amemdhulumu mchuuzi? Wengi wetu tutajibu upesi kwamba hapana, maana wamekubaliana. Lakini na tuitazame kwanza biashara yenyewe ilivyo hapa Pangani.

Mchuuzi hununua mnadani asubuhi, kabla hajajua nani atakula samaki siku hiyo. Bahari nayo haitabiriki. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa na kupata tele. Mbalamwezi ikiwaka hurudi na kidogo. Siku za kusi upepo huzuia vyombo. Mwezi wa Ramadhani mchana sokoni ni kimya, kisha wanunuzi huja kwa pamoja karibu na kufuturu. Akichukua wachache, wateja huenda kwa mwingine; akichukua wengi, jua la pwani halimngoji. Aweza kuwakaanga, au kuwapasua na kuwatia chumvi wawe ng'onda, lakini mafuta, kuni na chumvi vyote ni fedha, na samaki aliyekwisha kulegea hatoi ng'onda nzuri.

Kwa hiyo hatuoni kosa bei ikishuka pamoja na jua, na maskini naye hupata kitoweo. Tunayemtilia shaka ni yule mwenye uwezo, akaaye barazani tangu saa nane, akijua mwenzake hana barafu, akingoja wasiwasi umshike ndipo aende na bei yake. Hasara yote amemwachia mwenzake.

Mchuuzi naye asijione safi. Achanganyaye samaki wa jana katika fungu la leo amemtupia mnunuzi hasara hiyo kwa siri, na pengine ugonjwa juu yake. Kwa maana vibua, nguru na jodari wakikaa kwenye joto huweza kufanya sumu isiyoondoka hata kwa kupikwa.

Liko jambo dogo liwezalo kusaidia, nalo ni kuagiza tangu jana. Siku hizi simu ya dakika moja yatosha. Mchuuzi akijua mafungu sita yana wenyewe, huenda mnadani na moyo mtulivu. Ila agizo ni ahadi, na hapa ndipo sisi wanunuzi tunapoyumba. Mtu huagiza, kisha mgeni amletee kuku, naye hapigi simu wala hapiti tena njia ile mpaka kesho. Fungu lake limebaki kwenye beseni.