Sahani ya Mwisho

 

Kila Juni inapokaribia, na ile tarehe 20 ambayo tangu mwaka 2001 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, swali hurudi vikaoni: tutakula nini pamoja? Akina mama hutaja makaroni kwa mboga za kiangazi. Baadhi ya wazee hukataa. Husema hicho ni chakula cha starehe, na fedha hizo zingenunua maharage ya kuwatosha wajane siku nyingi. Je, ni haki watu wasio na akiba kupika kitu kizuri kwa siku moja?

Tuanze na hesabu, maana wengi huiruka. Kilo moja ya makaroni makavu hutosha watu kumi. Watu themanini ni kilo 8. Maharage ni rahisi sokoni, lakini hukaa motoni saa mbili au tatu, na mjini makaa hununuliwa. Makaroni huiva kwa dakika kumi hivi. Mboga nazo, mtu akienda soko la Kimironko na kikapu chake (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2008), atapata nyanya, karoti, biringanya, pilipili hoho, na dodo ambazo sisi wa Kivu tunaziita lengalenga. Ukiweka makaa ndani ya hesabu, tofauti hupungua, ingawa haiishi.

Lakini kuna jambo lisilohesabika kwa kilo. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 ikafungwa mwaka 2021. Waliokaa kule wanajua mgao: mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Hatuudharau, ulituokoa. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa kambini anaweza kuwa mtu mzima bila kumwona mama yake akichagua cha kupika. Kuchagua nako ni utu.

Wazee wana haki mahali pengine, ambapo wao wenyewe hawakupataja. Makaroni hayangoji. Sufuria ya maharage humsubiri aliyechelewa. Makaroni yakikaa hugandamana yakawa bonge. Na wanaochelewa ni nani? Ni mama aliyekwenda kufua nguo za watu kwa malipo ya siku. Ni mzee aliyepanda kilima kwa miguu kwa kukosa nauli. Hao hukuta bonge, na mboga zimekwisha. Kule Korintho ilikuwa vivyo hivyo: wenye nafasi walikula mapema, maskini wakabaki na njaa, hata Paulo akawaandikia wasubiriane.

Basi sisi twaona makaroni yapikwe, ila yapikwe kwa namna ya kumngoja mtu. Sosi itangulie, katika sufuria kubwa: kitunguu, karoti, biringanya, hoho, kisha nyanya, dodo mwisho kabisa. Sosi huweza kukaa pembeni mwa moto bila kuharibika. Makaroni yachemshwe kilo mbili mbili kadiri watu wanavyofika, kwa bidoni moja ya maji ya lita 20 yenye chumvi. Maji hayo hayo yaongezwe kidogo na kutumika tena, kwani nayo hubebwa kichwani. Kilo mbili za mwisho zisiguse maji mpaka wa mwisho awe amefika, na sosi yake iwe imetengwa tangu mwanzo.

Tena kuna upawa. Katika Matendo sura ya 6, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na wale saba waliochaguliwa kusimamia wote walikuwa na majina ya Kiyunani. Upawa walipewa wale waliosahauliwa. Kwetu pia, asiupakue yule ambaye watoto wake wanapanga mstari mbele.

Limebaki la nani atakaa jikoni hadi jioni kumchemshia wa mwisho. Tunawapendekeza wazee waliotetea maharage. Wao wamekwisha kuonyesha kuwa wanaweza kungoja saa tatu.