Gari Linapogonga Nyuma: Swali la Sababu na Mahali pa Hitilafu

Gari linapogonga nyuma, mwenye gari huuliza kwanza ni kitu gani kimeharibika, na swali hilo, ingawa ni la kila siku, limebeba dai la kifalsafa ambalo halijathibitishwa: kwamba kila hitilafu ina kitu chake, na kwamba kitu hicho kikitolewa hitilafu nayo imetoka. Dai hili linafaa kwa pancha na kwa taa iliyoungua. Kwa mlio wa kugonga unaotoka kwenye ekseli ya nyuma halitoshi, kwa kuwa mlio huo si sifa ya chuma chochote kikiwa peke yake; ni jambo linalotokea baina ya vyuma viwili, pale kimoja kinapovuka nafasi iliyopo kati yao na kukutana na kingine kwa kishindo.

Katika magari ambayo injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kama Toyota Hilux, nguvu hutoka kwenye gia boksi na kusafirishwa na propela, yaani bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari, ambalo huungwa kwa krosi, viungo vyenye umbo la msalaba vinavyoiwezesha propela kuzunguka huku ikifuata ekseli inavyopanda na kushuka. Propela huzungusha pinioni, gia ndogo iliyo mdomoni mwa difu, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli ya nyuma. Pinioni huzungusha krauni, gia kubwa ya duara, na mzunguko wa krauni hufikishwa kwenye magurudumu kwa hafushafti mbili, yaani fimbo za chuma zilizo ndani ya ekseli. Ekseli yenyewe imebanwa kwenye springi za mabamba kwa yubolti, ambazo ni bolti zilizokunjwa kama kiatu cha farasi, na springi zimeshikwa kwenye chesisi kwa pini zilizovikwa bushi za mpira. Meno ya pinioni na ya krauni huachiwa kwa makusudi mwanya ambao mara nyingi huwa kati ya milimita 0.1 na 0.2, kwa sababu chuma hutanuka kinapopata moto na oili inahitaji mahali pa kupita. Difu lililofungwa bila mwanya lingejiunguza lenyewe. Kwa hiyo kinacholeta mlio kimo hata katika gari lililotoka kiwandani leo, na tofauti ya uzima na ubovu ni ya kiasi tu. Tena kiasi hicho hujumlishwa: krosi ikiwa na mchezo kidogo, difu kidogo, na mifereji ya hafushafti kidogo, kila kimoja kikiwa ndani ya kipimo kinachoruhusiwa, jumla yake yaweza kusikika kama nyundo. Fundi atakayepima sehemu moja moja atazikuta zote nzima, na gari litaendelea kugonga.

Mwaka 1906 mwanafizikia na mwanafalsafa wa Ufaransa, Pierre Duhem, katika kitabu chake kuhusu lengo na muundo wa nadharia ya fizikia, alimtofautisha fundi saa na tabibu. Fundi saa akiletewa saa iliyosimama huifungua, huvitandaza vipande vyake na kuvikagua hadi akione kilichovunjika. Tabibu hawezi kumpasua mgonjwa ili ajue anaumwa nini, hivyo hana budi kukisia chanzo kwa dalili zinazouhusu mwili mzima. Duhem alimweka mwanafizikia upande wa tabibu, kwa hoja kwamba nadharia haijaribiwi kipande kwa kipande bali hukabili majaribio ikiwa nzima. Fundi wa magari, kwa mtazamo wa haraka, ni ndugu wa fundi saa, maana spana anazo na kufungua ndiyo kazi yake. Lakini gari likishapandishwa kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi, ekseli huning'inia, springi hupoteza mzigo uliokuwa ukizikandamiza, pembe ya propela hubadilika, na bushi iliyokuwa ikigonga barabarani hukaa kimya kwa sababu uzito uliokuwa ukiisukuma haupo tena. Akiishika propela kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku, gia ikiwa huru na magurudumu ya mbele yamewekewa kabari, atausikia mchezo wa krosi. Hata hivyo nguvu ya mikono si nguvu ya injini, na alichokisikia hapo si lazima kiwe kile alicholetewa kukitafuta. Kadiri anavyofungua ndivyo anavyoiondoa hali ile ambamo hitilafu huwa hitilafu.

Ndiyo maana katika kazi hii sikio hutangulia spana. Gari linalogonga mara moja tu linapoondoka, au linapotolewa rivasi na kwenda mbele, linaonyesha kwamba mwelekeo wa nguvu umegeuka na nafasi zote za msururu wa propela na difu zimevukwa kwa mkupuo mmoja. Linalogonga kwenye matuta, hata dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta, linaelekeza kwenye bushi, shokapu au yubolti zilizolegea. Linalogonga kwenye kona pekee linaelekeza kwanza kwenye gia ndogo za ndani ya difu, ambazo huzunguka kwenye pini yake pale tu magurudumu mawili yanapotofautiana mwendo. Mlio unaofuata mzunguko husema zaidi, kwa kuwa unahesabika. Difu lenye krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10, uwiano unaojulikana katika magari ya Toyota, huifanya propela izunguke mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Na gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2, gari likienda kilomita 8 kwa saa, huzunguka takriban mara moja kwa sekunde. Mlio ukija mara moja kwa sekunde, wa kushukiwa ni kile kinachozunguka pamoja na gurudumu, kama vile krauni iliyokatika jino au nati za gurudumu zilizolegea. Ukija mara nne, mashaka huhamia kwenye pinioni na propela. Fundi anayehesabu hivi amekwisha kuiondoa nusu ya gari katika mashaka yake kabla hajachafua mikono, na kwa haki hapo ndipo angeanza kulipwa, ingawa ni nadra kumpata mteja anayekubali kulipia kusikiliza.

Tatizo zito zaidi huanza mlio unapokoma. Propela nyingi zina kiungo cha kuteleza, yaani sehemu yenye mifereji inayoiwezesha kurefuka na kufupika ekseli inapocheza; grisi ikikauka, kiungo hicho hunata kisha huachia kwa kishindo gari linaposimama au kuondoka. Fundi anayebadilisha krosi hana budi kuishusha propela, na anapoirudisha hupaka grisi kwenye mifereji na kukaza bolti upya. Mambo matatu yamefanyika katika saa moja, mlio umekoma, na risiti inataja krosi. Shaka kuhusu kipi hasa kimesababisha kipi ni ya zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa katika Tahafut al-Falasifa mfano wa pamba na moto: jicho huiona pamba ikiungua inapokutana na moto, ila halioni kwamba moto ndio ulioiunguza, na kwake mtendaji wa kweli ni Mwenyezi Mungu, ama moja kwa moja ama kupitia malaika wake. Ibn Rushd alimjibu katika Tahafut al-Tahafut kwamba anayezikana sababu ameikana akili yenyewe. Gereji haina haja ya kuwaamua wanazuoni hao wawili, kwa kuwa shaka yake ni ndogo na ya karibu zaidi: sababu zipo, ila haijulikani ni ipi kati ya tatu.

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Meno, anakubali kwamba mwenye maoni sahihi kuhusu njia ya kwenda mji wa Larissa humfikisha msafiri sawasawa na mwenye ujuzi, lakini anaongeza kwamba maoni hayo hayatulii mpaka yafungwe kwa hoja ya sababu. Fundi aliyebadilisha krosi amefika Larissa. Ujuzi wake ungethibitika kama angeweza kusema mapema mlio utarudi katika hali gani, au kama angepaka grisi kwanza na kulijaribu gari, kisha akakaza bolti na kulijaribu tena, na krosi ikaachwa kuwa ya mwisho. Utaratibu huo hula muda, na dereva wa daladala anayedaiwa hesabu ya siku na tajiri wake hawezi kulaumiwa akichagua kimya cha leo badala ya maelezo ya kesho. Anayestahili lawama ni fundi anayekiuza kimya hicho kwa jina la ujuzi, maana amechukua bei ya vitu viwili na kutoa kimoja.

Hata hivyo subira hii ya kubadilisha jambo moja kwa wakati ina mpaka wake, nao umewekwa na barabara. Krosi ya mbele ikikatika gari likiwa katika mwendo, ncha ya propela huanguka chini na yaweza kujikita katika lami, na katika mteremko kama wa Mlima Kitonga mkoani Iringa hakuna nafasi ya kulirudia jaribio. Kujua sababu na kuondoa hatari ni mambo mawili tofauti, na la pili halingoji la kwanza. Krosi iliyokutwa na mchezo uliozidi kipimo hubadilishwa siku hiyo hiyo, hata kama mlio uliomleta mwenye gari gereji haujapatiwa maelezo.