Ukingo wa Mto ni Milki ya Nani?

Ndugu yetu mmoja aliyenunua nyumba kando ya mto huko Nkubu, Meru, ametuuliza: je, yafaa akate matete, ajenge ukuta wa mawe na azibe njia ya wachota maji, ili ukingo upendeze?

Twamjibu: kupamba nyumba si haramu, lakini nyumba ni yako, mto si wako. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na wanavyuoni wamesema mto una harimu yake, yaani kando zinazohitajiwa kwa manufaa yake, nazo hazimilikiwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yaihesabu mito kuwa ardhi ya umma.

Utasema, “Nimetoa fedha.” Ni kweli; lakini muuzaji hauzi asichokimiliki.

Tena maji ya huko huteremkia mto Tana, na Tana humwagika baharini Kipini. Udongo uporomokao kwako huwashukia jamaa zetu walio chini. Basi panda miti, yaache matete, iache njia wazi. Hayo ndiyo matengenezo. Mengine ni dhuluma iliyopambwa. Wallahu aalam.